Detroit juu ya meza: Vigari vya plastiki vilivyoishi kuliko magari yenyewe

MWAKA 1963 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilifanya jambo ambalo hadi leo wapenzi wa magari hulisimulia kwa mshangao. Iliunda magari 50 yasiyotumia injini ya pistoni, bali injini ya gesi inayozunguka kwa kasi kubwa mithili ya ile ya ndege ya jeti, kisha ikawapa wananchi wa kawaida wayaendeshe bure, kila mmoja kwa muda usiozidi miezi mitatu. Wao walilipia mafuta tu. Hadi mpango huo ulipofungwa mwanzoni mwa mwaka 1966, watu 203 walikuwa wamepata zamu.

Bodi za magari hayo zilitengenezwa Turin, Italia, katika karakana ya Ghia, na zilipakwa rangi moja ya shaba iliyokoza. Injini yake iliweza kuunguza dizeli, mafuta ya taa na vimiminika vingine vinavyowaka, ingawa petroli ya wakati ule iliyotiwa risasi haikuipenda, kwa kuwa iliacha utando ndani yake. Kisha Chrysler ikayakusanya magari yake. Ukijumlisha matano ya majaribio, yote yalikuwa 55. Kati ya hayo, 46 yaliharibiwa makusudi na tisa tu ndiyo yaliyobaki. Sababu zinazotajwa ni ushuru wa forodha wa bodi zilizotoka nje ya nchi, na hofu ya kampuni kwamba magari hayo yangeishia mikononi mwa watu wasioweza kuyatengeneza wala kuyapatia vipuri.

Lakini wakati chuma kile kinapondwa, gari hilo hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za Wamarekani likiwa na urefu wa sentimita zipatazo ishirini. Jo-Han, kampuni ndogo ya mjini Detroit, ilikuwa imetoa seti ya vipande vya plastiki vya gari hilo, ikiwa na injini yake, viti vyake na mstari mrefu unaopita katikati ya viti kutoka mbele hadi nyuma. Leo, mtu asiyeweza kufika katika jumba la makumbusho la Henry Ford kule Dearborn, Michigan, ambako mojawapo ya yale tisa limehifadhiwa, anaweza kufunua boneti la kigari hicho akaona jinsi injini ilivyokaa.

Hapo ndipo shughuli ya kuunda vigari inapoacha kuwa mchezo wa watoto. Kwa magari kadhaa ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, kigari cha plastiki ni ushahidi wa karibu kabisa tulio nao wa jinsi gari lilivyoonekana kila upande lilipotoka kiwandani.

Zawadi ya dukani

Ili kuelewa vigari hivi vilitoka wapi, ni lazima kwanza kuelewa biashara ya magari ya Marekani ilivyokuwa. Tangu miaka ya 1920, chini ya Alfred Sloan, kampuni ya General Motors ilijenga tabia ya kubadilisha sura ya magari yake kila mwaka. Injini ingeweza kubaki ile ile na fremu ile ile, lakini taa, bampa na mapambo yalibadilika, ili jirani aliyenunua mwaka jana aonekane amepitwa na wakati. Kila msimu wa vuli wauzaji walifunika vioo vya maduka yao kwa karatasi, na siku ya kufunua ikawa kama sikukuu ya mtaa.

Katika shamrashamra hizo kulihitajika kitu cha kumpa mteja mkononi. Mwaka 1948 kampuni ya AMT ilianzishwa katika jimbo la Michigan, ikaanza kutengeneza vigari vidogo vya kutangazia magari ya Ford. Vya kwanza vilikuwa vya aluminiamu, ndiyo maana ya herufi A katika jina la kampuni. Baadaye vikawa vya plastiki. Muuzaji alikuwa navyo mezani, vikiwa na rangi zile zile za gari halisi, na mteja aliyekuja na mtoto aliondoka na kigari hata kama hakununua gari. Hesabu ilikuwa ya busara: baba anaweza kusahau ahadi yake ya kurudi, lakini mtoto mwenye kigari mkononi hasahau.

Jambo la msingi hapa ni kwamba kampuni za magari zenyewe ziliwapa watengenezaji wa vigari michoro halisi ya kiwandani, tena miezi kadhaa kabla gari halijaonyeshwa hadharani. Fundi wa kalibu hakukisia kwa kutazama picha. Alikuwa na vipimo. Ndiyo maana kigari cha matangazo cha mwaka 1957 au 1960 kina mikunjo ya bati ile ile, idadi ile ile ya meno katika wavu wa mbele, na maandishi yale yale juu ya buti.

Mwaka 1958 AMT ilipata wazo lililozaa mtindo mpya kabisa wa kujifurahisha. Kalibu zilikuwepo, gharama yake ilikwisha lipwa na matangazo. Kwa nini zisitumike tena? Kampuni ikaanza kuuza bodi hizo hizo zikiwa hazijaunganishwa, ndani ya boksi, pamoja na vipande vya ziada vya kumwezesha mnunuzi kuchagua njia moja kati ya tatu: aliunde gari kama lilivyotoka kiwandani, alipambe atakavyo, au aligeuze la mashindano. Bei ilikuwa chini ya dola mbili. Mwaka 1963 ikazaliwa MPC, mshindani mwingine wa Michigan. Revell ya California na Monogram ya Illinois, ambazo zilikwisha kuzoea kutengeneza ndege na meli, nazo zikaongeza nguvu katika magari.

Kipimo kilichoshika kwa kampuni za Detroit ni cha 1/25, yaani kila sentimita moja ya kigari ni sentimita 25 za gari halisi. Wengine, hasa Monogram, walipendelea 1/24, kwa sababu ndogo ya Kimarekani: hapo nusu inchi ni sawa na futi moja. Tofauti ya vipimo hivi viwili haionekani kwa jicho la haraka, lakini mtu akivichanganya katika kabati moja ataona siku moja kwamba kuna gari lililonenepa bila sababu.

Kalibu iliyokatwa

Sasa tunafika kwenye jambo la kusikitisha, nalo ni tunda la biashara ile ile ya kubadilisha sura kila mwaka. Kalibu ni bonge la chuma kigumu lililochongwa kwa miezi mingi, na bei yake ni kubwa. Mwaka mpya ulipofika, kiwanda cha vigari hakikuchonga kalibu nyingine kama iliwezekana kuepuka. Kilichukua ile ya zamani, kikaikata hapa, kikaijaza pale, mpaka gari la mwaka 1961 likawa la mwaka 1962. Kwa hiyo sura ya mwaka uliopita ilipotea moja kwa moja. Haikuwezekana tena kuchapa hata kigari kimoja zaidi.

Vilivyosalia ni vile vilivyotoka madukani miaka hiyo, na vingi vikaishia katika mchanga, chini ya vitanda au katika moto wa fataki za watoto. Aidha, vigari vya matangazo vya miaka ya 1950 vilitengenezwa kwa plastiki ya asetati, ambayo hujikunja kadiri miaka inavyokwenda. Leo ukikutana na kimoja, mara nyingi utakuta bodi imepinda katikati kama ndizi na bampa zimeinuka. Hakuna dawa ya kuaminika ya kukinyoosha. Seti za kuunda, ambazo zilitumia plastiki ya polistirini, zimesalimika vizuri zaidi.

Kwa upande wa Jo-Han, hasara ni kubwa zaidi kwa sababu ya aina ya magari iliyoyashughulikia. Wakati wenzake waking'ang'ania Ford na Chevrolet, yenyewe ilitengeneza vigari vya DeSoto, Plymouth, Oldsmobile, Rambler na Studebaker. Hesabu majina hayo: DeSoto ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1960, Studebaker mwaka 1966, Plymouth mwaka 2001, Oldsmobile mwaka 2004. Rambler nayo iliyeyuka ndani ya kampuni ya AMC, ambayo Chrysler iliinunua mwaka 1987. Ni orodha ya marehemu. Jo-Han yenyewe baadaye ilidhoofika, ikabadilisha mikono, na kalibu zake zikatawanyika. Nyingine hazijulikani ziliko. Ndiyo maana watu wazima wenye akili timamu hulipa fedha nyingi kwa boksi la karatasi lililofifia rangi.

Mapezi na nguvu

Je, ni nini hasa katika magari yale kinachomfanya mtu akae usiku kucha na kibanio mkononi? Jibu langu ni kwamba hayakuwa na haya. Chukua Cadillac Eldorado ya mwaka 1959. Urefu wake ni mita 5.7. Msomaji wa Dar es Salaam anayeendesha Toyota IST ajue kwamba gari lake lina mita 3.85, Cadillac ile inalizidi kwa kitu kama mtu mzima mrefu aliyelala. Nyuma kuna mapezi mawili yaliyochongoka kwenda juu, kila moja likibeba taa mbili nyekundu zenye umbo la risasi. Mapezi hayo hayana kazi yoyote. Wazo lake lilianzia kwa Harley Earl, mkuu wa usanifu wa General Motors, ambaye pamoja na vijana wake aliitazama ndege ya kivita ya P-38 Lightning wakati wa Vita Kuu ya Pili. Pezi la kwanza, dogo na la aibu, likatokea juu ya Cadillac ya mwaka 1948. Miaka kumi na moja baadaye likafika kimo ambacho halikuweza kupanda tena bila kuchekesha.

Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957 ni jambo jingine. Lilikuwa gari la familia ya kawaida, si la tajiri, na limeundwa katika vigari labda kuliko gari jingine lolote la Kimarekani. Ubavuni, kwenye pezi, lina bamba la aluminiamu lenye mistari. Wavu wa mbele una rangi ya dhahabu. Ukitafuta mahali pa kutilia mafuta hutapaona, kwani mdomo wa tanki umefichwa nyuma ya pambo la kromu la pezi la kushoto. Chini ya boneti kuna injini ya silinda nane iliyopangwa kwa umbo la V, ya ukoo ulioanza mwaka 1955 chini ya mhandisi Ed Cole. Kwa mwaka 1957 ilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 283, sawa na lita 4.6, na ile iliyofungwa mfumo wa kuingiza mafuta kwa pampu badala ya kabureta ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283.

Baada ya mapezi zikaja nguvu. Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 katika maonyesho ya dunia ya New York, kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na siku hiyo hiyo wauzaji wakapokea oda zaidi ya 22,000. Mwaka huo huo Pontiac ikatoa GTO: injini kubwa ndani ya gari la wastani. Plymouth, Dodge na wengine wakafuata. Sherehe iliisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria za moshi, bima ghali na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 vilipoingia kwa pamoja.

Sina budi kusema pia upande wa pili. Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959 na Chevrolet Malibu ya mwaka 2009, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Wengi walidhani lile zee, kwa chuma chake chote, lingeliponda lile jipya. Ilikuwa kinyume. Sehemu ya dereva ya Bel Air ilibomoka, usukani ukamfuata dereva wa bandia. Mtu halisi angekufa. Katika Malibu dereva angeumia mguu tu. Gari lile halikuwa na mikanda wala mfuko wa hewa. Uzuri ule ulikuwa na bei yake, na waliolipa ni watu halisi.

Kigari kabla ya gari

Wapo wanaodhani kwamba gari hutangulia na kigari hufuata. Kiwandani ni kinyume. Harley Earl alipoanza kazi General Motors mwaka 1927, alileta utaratibu wa kufinyanga sura ya gari kwa udongo juu ya kiunzi cha mbao, kwanza dogo, kisha la ukubwa kamili, kabla bati lolote halijakatwa. Pezi la Cadillac lilikuwa udongo kabla ya kuwa chuma.

General Motors ikaenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, kitengo chake cha bodi kiliendesha mashindano yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild, yakiwahusisha wavulana wa umri wa shule kote Marekani. Mwanzoni walitakiwa kuunda kwa mikono kigari cha farasi cha kifalme cha enzi za Napoleon, ambacho kilikuwa nembo ya kampuni, na kila kipande kilipimwa na majaji. Baadaye walitakiwa wabuni gari lao wenyewe na kulichonga kwa kipimo cha 1/12. Zawadi zilikuwa fedha za masomo ya chuo kikuu. Wasichana hawakuruhusiwa, na hilo linaeleza mengi kuhusu nani alichora magari ya nusu karne iliyofuata.

Mmoja wa washindi wa mwaka 1947 alikuwa kijana aitwaye Chuck Jordan. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na General Motors, mwishoni mwa miaka ya 1950 akaongoza studio ya Cadillac, na mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni anayesimamia usanifu wote. Kampuni ilikuwa inatafuta mikono kwa kutumia vigari, na iliipata.

Kazi yenyewe

Boksi likifunguliwa, mtu hukuta vipande mia moja hivi, vimeshikiliwa katika fremu za plastiki kama matunda juu ya vijiti. Anayeanza huvivunja kwa vidole, na hapo ndipo anapoharibu kipande cha kwanza. Vikatwe kwa koleo dogo au kisu chembamba, kisha kovu lisuguliwe kwa msasa. Kabla ya hapo vyote vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana kiwanda hupaka kalibu mafuta ili plastiki ising'ang'anie, na mafuta hayo hukataa rangi.

Juu ya bodi, ukiitazama kwenye mwanga, utaona mistari myembamba inayopita juu ya mapezi na pembeni mwa paa. Hapo ndipo nusu za kalibu zilipokutana. Gari halisi halina mistari hiyo, kwa hiyo isuguliwe yote. Kisha praima, kisha msasa laini wa maji, kisha rangi. Fundi yeyote wa bodi wa gereji za Gerezani ataitambua kazi hii. Tofauti ni unene. Koti la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, likikuzwa mara 25, ni sawa na milimita mbili na nusu juu ya gari halisi. Hiyo si rangi tena, ni lipu. Kwa hiyo mafundi hupuliza makoti mengi mepesi kwa bomba dogo la kompresa, wakisubiri kila moja likauke. Mwenye haraka huzika maandishi yote ya kalibu, na jina Bel Air likishazikwa halifukuliwi.

Kromu ndiyo mtihani mkubwa. Vipande vya kromu vya kiwandani hupakwa mvuke wa aluminiamu ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na mara nyingi hung'aa kupita kiasi na kuficha makosa. Wengi huvitumbukiza katika jiki mpaka viwe vyeupe, huvisugua, kisha huvipaka upya. Kwa mistari myembamba ya kuzunguka madirisha, rangi ya fedha haitoshi. Hutumika karatasi laini sana ya madini yenye gundi upande mmoja: hubandikwa, hukandamizwa kwa kijiti cha kuchokonolea meno, kisha hukatwa kwa ncha mpya ya kisu. Mzunguko wa kioo kimoja cha mbele unaweza kula jioni nzima, na mkono ukitetemeka mara moja tu rangi yote ya paa imekwaruzika.

Gundi nayo si gundi kwa maana ya kawaida. Huyeyusha plastiki ya pande zote mbili mpaka zikawa kitu kimoja. Kosa halirekebishiki, na alama ya kidole chenye gundi juu ya kioo ni ya milele. Moshi wake si mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya vijana wa Marekani kuanza kuinusa ili walewe, watengenezaji walitia ndani yake mafuta ya haradali yanayochoma pua. Dirisha liwe wazi daima.

Kisha kuna injini, na hapa ndipo anayejua magari anapotofautiana na anayejua plastiki tu. Seti nyingi haziji na nyaya za plagi. Fundi hutoboa distribyuta kwa keekee ya unene wa sindano, akaingiza nyaya zenye unene wa milimita 0.3 hivi, nane za plagi na moja ya koili. Je, kila waya unaenda wapi? Kwa injini ile ya Chevrolet, distribyuta iko nyuma, karibu na ukuta wa dashibodi, silinda namba 1, 3, 5 na 7 ziko upande wa kushoto wa dereva, na mfuatano wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwa injini ya lita 4.7 ya Mustang ya miaka ya 1960, distribyuta iko mbele, na silinda za kulia ni 1 hadi 4. Hakuna mgeni wa sebuleni atakayehesabu nyaya hizo. Lakini mtu aliyezipanga sawasawa amejifunza jinsi injini inavyofanya kazi, na nimeona hilo likifundisha zaidi kuliko michoro ya ubaoni.

Nani anaviunda leo

Watoto wengi waliacha shughuli hii tangu michezo ya video ilipoingia majumbani. Waliobaki kwa sehemu kubwa ni wale wale waliokuwa watoto wakati ule. Mwaka 2018 kampuni iliyomiliki Revell ya Marekani ilifilisika, na jina hilo likanunuliwa na wawekezaji wa Ujerumani, halikufa. Majina ya AMT na MPC yako mikononi mwa kampuni ya Round 2 ya South Bend, Indiana, ambayo huchapa upya seti za zamani, na pale kalibu ilipokwisha kukatwa huchonga mpya kwa kupima kigari cha zamani kilichosalia. Yaani kigari ndicho sasa kinachozaa kigari. Seti moja ni takribani dola 30 kabla ya nauli na ushuru. Mashine za kuchapa maumbo kwa kompyuta nazo zimefungua mlango mwingine: mtu akiwa na faili sahihi anaweza kujichapia ringi, usukani au bodi nzima ya gari ambalo hakuna kampuni iliyowahi kulijali.

Kwetu huku, ufundi huu ulikuwa na sura yake. Kizazi kilichokulia mitaani kabla ya vitu vya plastiki kujaa sokoni kinakumbuka magari ya waya: fremu ya waya iliyokunjwa kwa koleo, bodi ya kopo lililopasuliwa, magurudumu ya kandambili zilizochakaa, na mti mrefu wa usukani ili dereva akimbie wima nyuma ya gari lake. Hayo hayakuwa na michoro ya kiwandani, ila mtoto aliyeunda lori alijua vizuri springi zinakaa wapi. Karibu yote yametupwa, na hakuna aliyeyapima.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, ushauri wangu ni kwamba asianze na Cadillac ya mwaka 1959, kwani kromu yake itamkatisha tamaa kabla ya wiki ya pili. Aanze na gari la mwishoni mwa miaka ya 1960, Camaro au Mustang, lenye mapambo machache na rangi moja. Azingatie jambo moja ambalo maboksi mengi hayalitaji: tairi za seti za zamani ni za vinaili laini, na mafuta yaliyomo ndani yake hula polistirini polepole. Baada ya miaka michache ringi huyeyuka na kushikamana na tairi, hata kama kigari kiko ndani ya kabati la kioo. Kinga yake ni kipande chembamba cha foili kati ya ringi na tairi, au tairi za mpira halisi zinazouzwa peke yake. Kigari kikiwa hakichezewi, kiwekwe juu ya kitalu kidogo, magurudumu yasiguse rafu, na mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana.